Nguo, Ushanga na Cheo katika Njia ya Misafara

 

Msafara uliotoka pwani haukuingia Tabora hivi hivi. Ukiwa umebakiza mwendo mfupi, ulisimama. Watu waliotembea miezi kadhaa na kitambaa kimoja kiunoni, kimechanwa na miiba na kubadilika rangi kwa jasho, walifungua vifurushi vyao wakatoa nguo walizozificha tangu pwani. Hivyo ndivyo ulivyofanya msafara wa Richard Burton na John Speke tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134. Askari Wabaluchi, ambao njia nzima walikuwa wakilalamika kwamba hawana kitu, walitokea wamevaa vizuri kuliko bwana wao. Barugumu zikapigwa, gobori zikalia, na watu wa Kaze, kama mji ulivyoitwa wakati huo, wakajipanga kando ya njia kutazama.

Aliyetangulia ni kirangozi, na naomba tumtazame kwa makini. Kichwani ana ngozi ya mbega, nyeusi kwa nyeupe, na juu yake fungu la manyoya ya ndege. Mgongoni ana kipande kirefu chembamba cha joho jekundu, kimetobolewa tundu la kupitishia kichwa, ncha yake inapepea nyuma anapotembea. Njuga zinalia. Mkononi ameshika bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, imechakaa. Begani ana mzigo mwepesi kuliko wa wenzake wote. Huyu ni Mnyamwezi, mtu wa hapa hapa. Kijijini kwao huenda hakuwa mtoto wa mtemi wala wa ukoo wowote unaotajwa. Lakini njiani hakuna mpagazi aliyethubutu kumpita, na aliyempita alitozwa faini.

Hata Mzungu alijifunza desturi hii. Novemba 1871 Henry Stanley, aliyekuwa ametoka Tabora kwenda kumtafuta Livingstone, aliposikia Ujiji iko karibu aliagiza suti yake mpya ya flaneli itolewe, viatu vipakwe mafuta na kofia ipakwe chaki iwe nyeupe. Ndipo akaingia mjini.

Kwa nini watu waliochoka kiasi hicho wapoteze saa nzima kujipamba porini? Jibu langu, na ndilo nitakaloshughulika nalo jioni hii, ni kwamba katika njia hii nguo ilikuwa fedha. Mpagazi alilipwa kwa nguo. Chakula kilinunuliwa kwa nguo na ushanga. Mtemi alipokea hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo, na faini zililipwa kwa nguo. Kipimo kilikuwa mkono wa mtu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na doti zilikatwa kutoka kwenye jora. (Mnaweza kufikiria ugomvi uliotokea pale mwenye kununua alipoleta mtu mwenye mkono mrefu.) Kwa hiyo mtu aliyejifunga doti mpya hakuwa amevaa tu. Alikuwa amebeba mwilini mali ambayo wengine walilazimika kuitoa wapate mtama, na kila aliyemwona aliweza kukisia ni ya thamani gani. Sioni mahali pengine katika historia ya nchi yetu ambapo utajiri na mavazi vilikuwa kitu kimoja kwa namna hiyo.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa tofauti. Unyamwezi haikuwa nchi ya watu waliokaa bila nguo mpaka pwani iwaletee. Watu walivaa ngozi za mbuzi zilizolainishwa, nguo za magome ya miti, na pamba waliyoifuma wenyewe. Burton aliona vitanda vya kufumia humu humu Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora. Cheo nacho kilikuwa na alama zake. Ngozi ya simba na ya chui ilikuwa mali ya mtemi, na aliyemuua mnyama huyo aliipeleka kwa mtemi. Tena kulikuwa na kisahani cheupe kilichokatwa kwenye kitako cha kombe la baharini, kinachovaliwa kifuani au kwenye paji la uso. Kombe hilo lilitoka Bahari ya Hindi, likapita mikono mingi mpaka katikati ya bara. Mwaka 1854 Livingstone alikuta huko magharibi kwa Shinte, chifu wa Walunda, kwamba makombe mawili yalitosha kununua mtumwa, na matano pembe ya ndovu. Shinte alilivua lake akamvika Livingstone shingoni kama heshima kubwa kupita zote.

Alama hizi zilikuwa na tabia moja: hazikuwa za kila mtu. Ungeweza kuwa na ng'ombe wengi na bado usivae ngozi ya simba. Cheo kilirithiwa, kikalindwa na wazee wa itemi, na vazi lilikifuata.

Nguo ya dukani ilivuruga mpango huo. Mtu yeyote mwenye mabega na miguu aliweza kuipata.

Sitaki tuzungumze juu ya nguo kana kwamba zilikuwa aina moja. Merikani ilikuwa pamba nzito isiyochovywa rangi, iliyotoka viwanda vya Massachusetts baada ya Marekani na Seyyid Said kutiliana mkataba wa biashara mwaka 1833. Iliaminika kwa uimara wake. Kaniki ilitoka India, imechovywa nili, nyepesi na ya bei ya chini. Juu ya hizo mbili zilikuwa nguo zenye majina: barsati, debwani, sohari, subaya, rehani, za mistari na miraba, baadhi zina nyuzi za hariri, nyingi zikitoka Maskati na Kachi. Juu kabisa lilikuwa joho, sufu nzito, hasa jekundu. Mpagazi alilipwa merikani. Mtemi alitaka nguo yenye jina. Watemi wa Ugogo, ambao njia ya Tabora haikuweza kuwaepuka kwa sababu ya maji, waliijua orodha hiyo kuliko wauzaji wenyewe. Msafara ulipofika, mzungumzo wa hongo ungeweza kuchukua siku nyingi, na ukaanza upya kwa sababu debwani iliyoletwa haikuwa ile iliyotajwa. Mkono mtupu haulambwi, lakini Ugogo hata mkono wenye nguo isiyofaa ulirudishwa.

Kuna methali isemayo kwamba zumari likipigwa Unguja, hucheza walioko bara. Kwa siasa huenda ilikuwa kweli. Kwa mavazi naona ilikuwa kinyume kabisa: zumari lilipigwa bara, na Unguja ikacheza, hata na Salem huko Massachusetts. Burton anataja aina zipatazo 400 za ushanga zilizojulikana katika biashara hii. Stanley, akinunua bidhaa Unguja mwanzoni mwa 1871, alilazimika kupewa somo kamili na wenyeji: ushanga mweusi ni fedha Ugogo lakini hauna thamani kwingine, sungomaji, zile punje kubwa, zitapokelewa Ujiji na zitakataliwa kwingineko, samesame nyekundu inapendwa karibu kila mahali. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alifika Tabora na mizigo ambayo hakuna mwanamke aliyeitaka, na mizigo hiyo alikuwa amelipia wapagazi waibebe kutoka pwani. Mitindo ilibadilika pia, na habari ya badiliko ilichukua miezi kufika pwani, kisha miezi mingine kufika kwa watengenezaji wa ushanga wa Venice. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, Waingereza na Wahindi walileta nguo zao kuziba pengo. Ziliuzwa, lakini kwa taabu. Watu walizishika, wakazipima uzito kwa kiganja, wakajua si merikani. Mwishowe nguo za nchi nyingine zilitengenezwa kwa mfano wa ile ya Marekani na kuuzwa kwa jina lile lile la merikani.

Burton alikuwa mtu wa dharau, na kurasa zake nyingi kuhusu babu zetu ni vigumu kuzisoma bila hasira. Lakini alikuwa na jicho la mwenye duka. Alipoandika juu ya bidhaa hakudharau, kwa sababu alijua kwamba dharau ingemtia hasara.

Sasa turudi kwa yule kijana mwenye mabega na miguu. Kwenda pwani kulikuwa sehemu ya kukua kwa kijana wa Kinyamwezi; aliyebaki nyumbani alichekwa, na wasichana nao walimcheka. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika vizuri juu ya wapagazi hawa kama wafanyakazi wenye ujuzi na fahari ya kazi yao, na kitabu chake cha 2006 kinafaa kusomwa na kila aliyekua akiambiwa kwamba upagazi ulikuwa utumwa mtupu. Mzigo ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70, bado chungu chake cha kupikia na mkeka wake. Aliporudi alikuwa na doti zake, pengine kofia, pengine jina jipya. Baba yake hakuwahi kuwa na nguo kiasi hicho. Mtemi wake alikuwa nazo, lakini alizipata kwa hongo. Kijana alizipata kwa miguu. Hapo ndipo palipozaliwa mgogoro uliodumu vizazi viwili hivi.

Kundi lingine lilikuwa la wale walioitwa waungwana wa misafara. Wengi wao walikuwa watumwa wa matajiri wa Unguja na Bagamoyo, au waliowahi kuwa watumwa. Wakivuka Mpwapwa kuelekea bara walivaa kanzu na kofia, wakazungumza Kiswahili kwa sauti ya juu, wakawaita wenyeji washenzi. Kule Unguja mtumwa alitarajiwa kutembea peku na kichwa wazi. Kofia na viatu vilikuwa vya watu huru. Kila siku waliyotembea kutoka pwani iliwasogeza mbali na macho ya aliyejua asili yao. Kwa hiyo kofia iliyokuwa marufuku Unguja ilivaliwa Tabora bila mtu kuuliza. Tunasema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hapa ilisitiri miaka mingi. Wajukuu wao wengine ni waungwana kweli, na hakuna wa kuwaambia vinginevyo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo si zuri kulisema mbele ya wageni. Merikani ile ile iliyompa kijana heshima ndiyo iliyonunulia watu. Mtu alipimwa kwa doti kama pembe ya ndovu ilivyopimwa, na katika soko la Tabora binadamu na nguo vilibadilishana mikono mchana kweupe. Mtumwa wa kawaida alivaa alichopewa, kipande cha merikani kiunoni kwa mwanamume, kaniki kwa mwanamke. Lakini suria aliyependwa, au mtumwa aliyeaminiwa kusimamia msafara, alivishwa vizuri sana, maana fahari ilikuwa ya bwana. Kwa hiyo ukiona picha ya zamani ya mwanamke aliyepambwa kwa mikufu, usiharakishe kusema alikuwa mtu mkubwa. Huenda alikuwa maonyesho ya ukubwa wa mtu mwingine.

Waarabu na Waswahili matajiri walioishi Unyanyembe walijua kwamba merikani imekuwa ya kila mtu. Walifanya wanavyofanya matajiri wa kila mahali: walisogeza alama mbele. Snay bin Amir, aliyempokea Burton, aliishi katika tembe lenye vitu vilivyotoka pwani mwezi baada ya mwezi. Baada yake kuna Hamed bin Muhammad, Tippu Tip, ambaye familia yake ilikuwa na makazi Ituru, karibu na hapa, na ambaye baba yake alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Stanley alipokutana naye Manyema, huko Kongo, mwaka 1876 hakuanza na idadi ya bunduki zake. Alianza na nguo: nyeupe, hazina doa, kofia mpya kabisa, deuli ya thamani kiunoni, jambia lenye nakshi za fedha. Tufikiri kidogo maana yake. Huko Manyema, katikati ya vumbi, matope na moshi wa mioto ya kambi, kanzu isiyo na doa inahitaji sabuni, maji, na watu ambao kazi yao ni kufua. Weupe ule haukununuliwa mara moja kama joho. Ulilipiwa kila siku kwa kazi ya mikono ya wengine, na ndiyo maana kijana aliyerudi kutoka pwani na doti zake hakuweza kuuiga.

Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Stanley alikutana na Mtemi Mirambo. Kwa miaka mitano Mirambo alikuwa ameifunga njia, amepigana na Waarabu wa Tabora na kuwatia hofu kubwa. Stanley alitegemea kukuta jambazi. Alimkuta mtu mpole, mwenye sauti ya chini, amevaa kofia nyekundu, koti la sufu na viatu vya Kiarabu, na ana kitara cha Kiarabu. Wako wanaosema kwamba hii inaonyesha Mirambo alivutiwa na ustaarabu wa maadui zake. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyewapiga vita Waarabu miaka yote hiyo alijua vazi lao lina maana gani kwa watu wa njia, na alilichukua kama alivyochukua bunduki zao, bila kuomba ruhusa.

Rugaruga wake, yaani askari wake, walivaa kinyume chake. Nguo nyekundu, manyoya, bangili za pembe na za shaba, chochote cha kuogofya. Wengi walikuwa vijana wasio na urithi, wengine watumwa waliotoroka. Vazi lao halikusema "mimi ni mtu wa ukoo fulani". Lilisema tu kwamba anayekuja hana cha kupoteza. Katika nchi ambayo kila kipande cha kitambaa kilikuwa na daraja lake, naona huo ulikuwa uasi hasa, kupita hata bunduki.

Wanawake wamekaa pembeni katika vitabu vya wasafiri, ingawa ndio waliokuwa wakiamua rangi ya ushanga. Mwanamke wa Kinyamwezi aliyejiweza alijifunga nguo ndefu kutoka kifuani hadi miguuni. Mkononi alivaa vitindi, waya wa shaba uliokunjwa mizunguko mingi ukafunika kigasha. Miguuni alivaa sambo, waya mwembamba uliozungushiwa juu ya manyoya ya mkia wa twiga au wa ndovu, moja juu ya nyingine mpaka mguu ukawa mzito. Shaba nyingine ilitoka Katanga, ambako Msiri, aliyetoka upande huu wa Ziwa Tanganyika, alitawala hadi alipouawa Desemba 1891. Nguo huchakaa na kuibwa. Vitindi haviibiwi kwa urahisi, maana vimebana mwili. Mwanamke aliyevaa vitindi alikuwa na akiba ambayo mume asingeweza kuitoa sandukuni usiku.

Kisha ikaja kanga. Ilianza pwani na Unguja katika miaka ya 1870 na 1880 kwa leso zilizoshonwa pamoja, baadaye ikachapishwa jozi nzima. Bei yake haikuwa ya kutisha, ilikuwa na rangi, na haikuwa na historia ya utumwa kama kaniki. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoipa nguvu. Wajerumani walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 ni huru, na Waingereza wakafuta utumwa Tanganyika mwaka 1922. Kati ya tarehe hizo mbili kaniki iliwashuka mabegani wanawake wengi wa Tabora, hasa Wamanyema ambao wengi wao waliletwa kutoka Kongo kama mateka au watu wa chini ya bwana fulani. Hapakuwa na sheria iliyoamuru hivyo. Mwanamke alikwenda dukani akanunua kanga, akatoka nayo Ijumaa, na kila mtu akaelewa.

Yaliyobaki nitayapita haraka, kwa sababu yana wahadhiri wake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na treni moja ikabeba mizigo ya maelfu ya wapagazi. Rupia ilikwisha kuchukua kazi ya doti, kwa hiyo nguo ikaacha kuwa fedha ikabaki nguo. Kaki ya askari ikawa vazi la kutamaniwa. Ngoma za beni, Marini na Arinoti, zikaleta vyeo na sare za kuchezea, na wakubwa wa serikali wakazitazama kwa wasiwasi, wasijue kama wanaigwa au wanachekwa. Mwaka 1925 serikali ya Kiingereza ilifungua shule hapa kwa ajili ya watoto wa machifu. Wakati Julius Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, alipofika mwaka 1937, sare ilikuwa tayari inafanya kazi ambayo ngozi ya simba iliifanya zamani, ya kumtenga mtoto huyu na yule. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na ngozi zikarudi kwenye masanduku.

Nina ombi moja, na ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Kwihara tuna makumbusho yaliyojengwa kwa kumbukumbu ya Livingstone, na ni vizuri yawepo. Lakini habari ya nguo za Tabora imo ndani ya nyumba zenu: katika masanduku ya bibi zenu, katika picha za studio zilizopigwa kabla ya uhuru, katika kanga za kisutu za arusi zilizotunzwa na hazijavaliwa tena. Ukifika nyumbani, mwombe bibi akuonyeshe. Muulize nguo hii inaitwaje, ilinunuliwa duka gani, aliivaa siku gani, na nani katika mtaa hakuruhusiwa kuvaa ya namna hiyo. Andika majibu kwa penseli nyuma ya picha, si kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya. Na usingoje sikukuu ijayo.